Aliyechimba Kipande cha Sangiwa

Watu wa kijiji cha Mamba, huku mlimani, wakitaka kuoana, kituo cha kwanza si kwa mchungaji. Ni kwa Dorkas Mgonja. Mchungaji atawauliza kama wanapendana, na wazazi watauliza habari za mahari, lakini Dorkas huuliza jambo moja tu: babu wa babu yako ni nani? Ukibaki unakodoa macho, atakujibia yeye mwenyewe, na jibu lake laweza kukuharibia mwaka mzima.

Mwaka juzi kijana mmoja alipanda kutoka Dar es Salaam na mchumba wake, kavaa viatu vyeupe ambavyo vilikuwa vimeshabadilika rangi kabla hajafika uani. Walimkuta Dorkas anaosha tangawizi kwenye karai. Aliwasikiliza, akauliza majina mawili matatu, akaendelea kuosha. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Nyinyi ni ndugu. Babu yako wewe na bibi yako wewe walinyonya ziwa moja. Karibuni makande." Msichana alilia, kijana akanuna, lakini makande waliyala. Mwaka huu kijana yule amekuja na mchumba mwingine, na safari hii alianzia kwa Dorkas kabla hata mama yake mzazi hajajua.

Dorkas ana miaka sabini na mmoja. Ni mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa haraka kiasi kwamba vijana wa bodaboda humtania wakisema anawanyima riziki. Alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa shule ili alee wadogo zake, na tangu hapo yeye na karatasi hawakuelewana sana. Majina yote ya ukoo wake, na ya koo za jirani, yamo kichwani. Namna anavyoyatunza ni ya kwake peke yake. Akilima shamba la tangawizi, kila tuta hulipa jina la mkubwa mmoja: tuta la kwanza la yule wa zamani kabisa aliyeufungua mlima, la pili la mwanawe, na kuendelea hivyo mpaka chini bondeni. Akiruka jina hurudi juu akalilima upya tuta lake. Majirani wakimwona anapanda tena na jembe begani hujua kuna marehemu kasahauliwa. Mtu anayelima hivyo hawezi kwenda haraka, na kila mwaka Dorkas huwa wa mwisho kumaliza palizi.

Kwa hiyo kamati ya mfereji ilipohitaji majina haikuhangaika kutafuta. Mfereji wenyewe unatoka kwenye ndiva ya Makeresha, bwawa la udongo ambamo maji ya kijito hulala usiku, na asubuhi hufunguliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Ulichimbwa karibu miaka mia iliyopita kwa majembe na mitaimbo, na kazi iligawanywa kwa nyumba, kila nyumba kipande chake. Hadi leo kila kipande huitwa kwa jina la mchimbaji. Siku ya msaragambo, pembe ikilia na kijiji kizima kikitoka na majembe kwa kazi ya pamoja, kila ukoo huzibua kipande cha mkubwa wake. Na zamu ya maji huandamana na kipande. Ukiwa na kipande unamwagilia. Huna kipande, unaomba.

Mwaka huu mfereji ulianza kujengwa kwa saruji, na kamati ikaamua kwamba mwanzoni mwa kila kipande isimamishwe nguzo fupi ya zege, iandikwe jina la aliyechimba na jina la baba yake. Vipande ni kumi na tano. Irine, binti wa Dorkas anayefundisha shule ya msingi mjini Same, alipanda wakati wa likizo, akakaa na mama yake uani na daftari mapajani. Dorkas alitaja majina kumi na matano na baba zao bila kusita, huku anachambua maharage. Chai iliyokuwa jikoni haikuwahi hata kuchemka.

Jina la kumi na mbili lilikuwa Sangiwa Mgonja, babu yake mwenyewe. Alilitaja laini kama mengine. Na hapo ndipo alipokosea, tena alijua kwamba anakosea.

Fundi aliyepewa kazi ya nguzo ni Hamidu, mtu wa Same mjini, mswalihina na mpole, ambaye wiki ya kwanza baridi ya mlimani ilimtesa mpaka akawa anafanya kazi na kanzu chini ya koti. Alisimamisha nguzo ya kwanza, akaipaka plasta laini usoni, na kabla haijashika akachora jina kwa msumari, herufi zimenyooka utadhani kapiga chapa. Dorkas na Irine walikwenda kuangalia. Walimkuta Mzee Loth, mwenye kipande cha kwanza, amepiga magoti kwenye matope anapapasa jina la babu yake. Mzee Loth ni mtu ambaye hata siku ya kumzika mkewe hakuna aliyeona chozi lake. Siku hiyo alijifuta macho kwa kofia.

Dorkas alifurahi. Halafu akatazama zile herufi zinavyokauka, na furaha ikamtoka yote kwa mara moja. Jina linalotajwa kwa mdomo unaweza kulirekebisha kesho. Hili lingekaa hapo wakati yeye hayupo, na wakati Irine hayupo.

"Mama," Irine aliuliza wakiwa njiani kurudi, "yaani vipande vyote kumi na vitano, hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshika jembe?"

Dorkas alikaa juu ya jiwe pembeni mwa njia, akamwambia binti yake akae naye, akamsimulia habari ya bibi yake, Nakijwa.

Mwaka ule wa kuchimba, Sangiwa hakuwepo. Alikuwa ameshuka kwenye mashamba ya mkonge. Aliaga kwamba anakwenda miezi mitatu, na miezi mitatu ikawa miaka miwili. Sheria ya wazee ilikuwa ngumu: nyumba ambayo kipande chake hakijachimbwa kufikia mvua za vuli haina zamu ya maji, mwenye nyumba wala wajukuu zake. Na ilikuwepo sheria ya pili, ngumu kuliko ya kwanza: mwanamke hashiki jembe kwenye mfereji mpya, maana wazee waliamini kwamba maji yatakimbia. Kazi ya wanawake ilikuwa kuwapikia wachimbaji makande.

Nakijwa alikuwa na miaka kama ishirini na mitatu, mgeni aliyeolewa kutoka Ugweno, mlima wa mbali, na lafudhi yake ilikuwa kichekesho cha kila siku mtoni. Alikuwa na mtoto mchanga, ambaye ndiye baba yake Dorkas. Alikwenda kwa wazee kuomba aongezewe muda, wakakataa. Alimwomba shemeji yake amchimbie, shemeji akasema ana cha kwake. Basi asubuhi moja Nakijwa alimfunga mtoto mgongoni, akavaa koti la mumewe juu ya mtoto, akavaa na kofia ya mumewe, akashika mtaimbo, akaenda kusimama kwenye mstari wa wanaume.

Msimamizi alikuwa anaita majina kila asubuhi kabla ya kazi. Alipofika kwa Sangiwa, Nakijwa aliitika kwa sauti nzito kadiri alivyoweza: "Nipo!"

Mgongoni kwa Sangiwa mtoto akaanza kulia.

Wanaume wote walitazama chini. Msimamizi, mzee mkali aliyekuwa akiogopwa hata na ng'ombe, alikohoa, akautazama mlima wa ng'ambo kwa muda mrefu kama mtu anayehesabu mawe, kisha akaita jina lililofuata. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamemtambua tangu alipotokeza kwenye kona. Lakini sheria ilimkataza mwanamke, na aliyeitika ni Sangiwa, kwa hiyo kila mmoja aliamua kwamba asubuhi hiyo macho yake hayaoni vizuri. Ubovu huo wa macho uliwashika miezi miwili mizima.

Kipande chenyewe kilikuwa cha mwamba, kwa sababu asiye na mtu wa kumtetea ndiye hugawiwa mwamba. Nakijwa aliwasha moto juu ya jiwe mpaka likawa jekundu, akalimwagia maji baridi likapasuka, akang'oa vipande kwa mtaimbo. Kesho yake hivyo hivyo. Mchana wanaume walipokaa kula, alikaa pembeni kidogo, akageuka nyuma akamnyonyesha mtoto ndani ya koti, na wao wakageukia upande wa pili. Siku moja mtaimbo uliteleza ukamkata mguu. Alifunga kidonda kwa jani la mgomba akaendelea. Alimaliza siku tatu kabla ya mvua ya kwanza. Maji yalipita kwenye kipande chake bila kukimbia popote, na kipande kikabaki na jina lililoitwa kila asubuhi.

Sangiwa aliporudi alikuta ana mfereji aliouchimba akiwa hayupo. Naye hakurudi mikono mitupu. Alileta mtoto mchanga wa kiume, aliyemzaa huko kwenye mkonge na mwanamke aliyekufa kwa homa. Alisimama naye mlangoni, hajui aanze kusema nini. Nakijwa alimtazama mume wake, akamtazama mtoto anavyonyonya kidole kwa njaa, akasema, "Mlete, atakufa." Mtoto wake mwenyewe alikuwa anakaribia kuachishwa, na ziwa lilikuwepo bado.

"Bibi alinisimulia mwaka aliokufa, mwaka wa sabini na tisa," Dorkas alisema. "Nilikuwa namwogesha, nikamwuliza lile kovu la mguuni. Akaniambia nisiseme wakati wanawe wawili wapo hai, wasije wakamwonea aibu baba yao. Nikaapa."

"Lakini baba zako wote wawili wamekufa," Irine alisema. "Baba yako mdogo ana miaka tisa kaburini."

"Ninajua."

"Sasa ulikuwa unangoja nini, Mama?"

Dorkas alikuwa amezoea tu. Kila palizi, miaka zaidi ya arobaini, alipofika kwenye tuta la aliyechimba kipande cha kumi na mbili alikuwa akisema Sangiwa, na ulimi ukaota sugu. Aliona haya mbele ya binti yake, akasema hivyo hivyo: "Naona haya, mwanangu."

Kesho yake alikwenda kwa Eliezeri, mwenyekiti wa kamati. Eliezeri ana miaka sabini na mitano, na ni kaka yake kwa ukoo: baba yake ndiye yule mtoto aliyeletwa kutoka kwenye mkonge. Alikuwa uani anageuza tangawizi iliyoanikwa kwenye turubai.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Dorkas. Mbona asubuhi hivi? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa habari ya nguzo ya babu." Akamweleza yote.

Eliezeri alimsikiliza huku anageuza tangawizi kipande kimoja kimoja, hata vile ambavyo alikuwa ameshavigeuza. Dorkas alipomaliza, alijisugua magoti akakaa kwenye kigoda.

"Orodha umeitoa wewe," alisema. "Hukulazimishwa."

"Niliitoa mimi. Nilikosea."

"Dorkas, sikiliza. Watu wa hapa wanaoana kwa mdomo wako. Wanazikana kwa mdomo wako. Wewe ndiye unasema nani kalala chini ya sale gani makaburini. Siku ukisimama ukasema jina moja halikuwa kweli, Loth atauliza la kwake. Na wa kipande cha tano, wenye ugomvi wa mpaka, watauliza la kwao. Utawajibu nini?"

Hilo lilikuwa limemnyima Dorkas usingizi.

"Na mimi je?" Eliezeri aliendelea, sauti imeshuka. "Kipande kikiwa cha Sangiwa, mimi ni mjukuu wa Sangiwa, nina zamu yangu Jumatano. Kikiwa cha Nakijwa, mimi pale ni nani? Ni mjukuu wa mwanamke wa mkonge ambaye hata kaburi lake hatulijui. Leo wewe upo. Kesho wajukuu zako wataisoma nguzo, watawaambia wajukuu zangu waombe maji."

Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo sababu maneno yake yalimuumiza Dorkas zaidi. Alikuwa amejiandaa kugombana na kaka yake. Hakuwa amejiandaa kumwona anaogopa.

"Nguzo ya kumi na mbili ni Alhamisi," Eliezeri alisema. "Itaandikwa kama ilivyo kwenye orodha. Kunywa chai uende."

Siku mbili Dorkas alilima. Alianza juu, akateremka, jina kwa jina, na kila alipofika kwenye tuta lile alikwama. Akisema Sangiwa, aliona mguu wa bibi yake kwenye beseni. Akisema Nakijwa, alimwona Eliezeri juu ya kigoda. Aliogopa, na tusimfanye shujaa kabla ya wakati wake: aliogopa sana. Hana shamba kubwa, hana mume, hana cheo kanisani zaidi ya kuimba sauti ya pili. Alichonacho mbele ya watu ni kwamba akisema jambo, ndivyo lilivyo. Siku ya pili jioni alikaa chini kwenye lile tuta na jembe mapajani, akakaa mpaka Irine akaja kumchukua. Hakulimaliza.

Alhamisi pembe ililia mapema. Watu walipanda na majembe, mabeleshi na vyungu vya makande, wakajipanga kando ya mfereji kila ukoo mahali pake. Hamidu alikuwa ameshaisimamisha nguzo pale kwenye mwamba, na plasta ilikuwa bado mbichi. Eliezeri alifungua daftari la Irine, akavaa miwani.

"Kipande cha kumi na mbili," alisoma. "Sangiwa Mgonja."

Hamidu aliinama na msumari wake.

"Fundi, ngoja," Dorkas alisema.

Alitoka mbele ya watu. Alisema kwamba jina hilo amelitoa yeye, na si la kweli. Alisema nani alichimba, na alivaa nini, na mtoto alilia saa ngapi. Hakupamba neno, na hakusahau kusema kwamba alikuwa anajua tangu mwaka wa sabini na tisa. Alipofika kwenye habari ya msimamizi kukohoa na kutazama mlima, wazee wawili watatu walicheka kwa sauti halafu wakanyamaza ghafla, wakakumbuka msimamizi yule alikuwa babu wa nani.

Mzee Loth aliinua fimbo yake. "Sasa Mama Irine," alisema, "na babu yangu je? Alichimba mwenyewe huyo au alichimbiwa?"

Watu waliguna. Hilo ndilo swali Dorkas alilokuwa akiliogopa.

"Mzee wangu, shikamoo. Majina kumi na manne nimeyataja kama nilivyoyapokea. Kama yana kosa, ni kosa la waliokufa. Hili moja ni kosa langu mimi. Nilijua nikaficha. Ukitaka kuniamini kwa ya kwako, niamini. Usipotaka, leo una haki."

"Mwongo hajipeleki mahakamani mwenyewe," Mzee Loth alisema, akateremsha fimbo. "Endelea."

"Bado neno moja," Dorkas alisema, na hapa aligeuka akamtazama Eliezeri peke yake. "Kuna mtu atafikiri kwamba nguzo ikiandikwa Nakijwa, maji yatakuwa ya watoto wa tumbo lake tu. Nasema mbele ya kijiji chote, na Irine aandike kwenye daftari: Nakijwa aliwanyonyesha wana wawili kwa ziwa lile lile. Hakumnyima maziwa mmoja kati yao, na mimi ni nani nimnyime mjukuu wake maji? Jumatano ni ya Eliezeri. Ni ya watoto wake na wajukuu wake, kwa sababu ni mjukuu wa Nakijwa kama mimi. Atakayekuja kusema vinginevyo, huyo si wa kwetu."

Irine aliandika. Watu walisubiri. Eliezeri alikuwa amevua miwani, anaisafisha kwa shati, anaisafisha tena.

"Fundi," alisema mwishowe. "Andika Nakijwa."

Vigelegele vilianza upande wa wanawake, na mzee mmoja akapiga beleshi kwenye jiwe. Hamidu alipiga goti. Alichora jina lile taratibu, herufi kubwa zilizonyooka, kisha akainua uso.

"Nakijwa wa nani, bibi? Wenzake wote wana jina la baba. Na plasta inashika."

Dorkas alifungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Alikuwa anajua baba wa Sangiwa, na babu wa Sangiwa, na babu wa babu yake. Alikuwa anajua baba wa kila mtu aliyesimama kando ya mfereji ule mpaka vizazi sita. Mwanamke aliyemwogesha, aliyemshika mguu, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, Dorkas hakuwahi hata siku moja kumwuliza: baba yako ni nani? Hakuna tuta alilowahi kulilima kwa ajili ya mtu huyo. Vigelegele vilikatika. Machozi yalimtoka Dorkas mbele ya kijiji kizima, na hakuyafuta.

"Sijui," alisema. "Jamani, mimi sijui."

Hamidu aliigusa plasta kwa kidole, akatingisha kichwa. Watu walianza kutazama chini.

"Mkwizu," sauti ilisema.

Ilikuwa ya Eliezeri. Alikuwa amesogea mpaka kwenye nguzo, mkono juu ya bega la fundi.

"Alikuwa binti wa Mkwizu, mhunzi, mtu wa Ngujini kule Ugweno. Nilikuwa na miaka minane zilipokuja habari kwamba baba yake amefariki. Wajukuu tulikuwa wengi, lakini alinichagua mimi nimsindikize. Tulipanda lori mpaka Kifaru, halafu mlima kwa miguu. Miguu iliponiuma alinibeba. Tulipofika kule wakamwuliza, huyu mtoto ni nani? Akawaambia, huyu ni mjukuu wangu wa kwanza." Alimtazama Dorkas. "Wa kwanza, alisema. Hakusema neno la mkonge. Na mimi siku tatu hizi nimekaa nauliza mimi ni nani."

"Kaka," Dorkas alisema, akamshika mkono. "Sema tena hilo jina."

"Mkwizu."

"Mkwizu," Dorkas alirudia, mara tatu, kama alivyorudia majina yote tangu utoto. Msumari wa Hamidu ulikuwa umeshaanza kuchora. "Na baba yake Mkwizu?"

"Hapo sijui, Dorkas."

"Basi kesho tunakwenda Ngujini tukaulize."

"Kesho?" Eliezeri alishangaa. "Keshokutwa si Jumamosi, tungekwenda tumepumzika?"

"Wewe kaka una sabini na mitano, mimi nina sabini na mmoja," Dorkas alisema, akajifuta uso kwa kanga. "Nani kakuahidi keshokutwa?"